Bunduki Namba Nne

Jumatatu, 3 Juni 2024

Barua imefika kutoka makao makuu. Bunduki kumi na moja za zamani zilizolala kwenye chumba cha nyuma cha ghala letu zinatakiwa kukatwa na kuyeyushwa. Zote isipokuwa moja — hiyo itazibwa mtutu na kubaki hapa Mikumi, kwenye chumba cha maonyesho, wageni waitazame. Afande Gabrieli kanikabidhi kazi. Nizisafishe, niandike namba, Jumamosi ya wiki ijayo anasaini orodha ya zitakazokatwa.

Miaka minne natengeneza bunduki za doria, hizi kuukuu sijawahi kuruhusiwa hata kuzigusa. Leo nimepewa funguo! Mbele yake nilijikaza. Alipotoka nikaruka kama mtoto.

Jumanne, 4 Juni

Tatu za kwanza kutu tupu. Ya nne — mama yangu! Nimefuta grisi, chuma cheusi kikaanza kung'aa kama kimetoka dukani jana. Ina chapa mbili, ya Kijerumani na ya Kibelgiji. Namba ya zamani imekwanguliwa, mpya imepigwa pembeni.

Nikamtumia picha mkufunzi wangu wa Morogoro. Kajibu kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu nzima. Kwamba baada ya ile vita ya pili Wabelgiji walibaki na bunduki nyingi za Wajerumani, kiwanda chao kikazifungua moja moja, kikabadilisha mitutu na mbao zilizochoka, kikazipiga namba upya. Nyingine zikauzwa nje. Jinsi hii ilivyofika kwetu hajui.

Nikamwambia Kasian, mwenzangu wa ghalani: hii imefufuliwa Ulaya.

"Ulaya ipi? Kile kijiji cha kule Kilosa?"

Tumecheka mpaka mlinzi kachungulia dirishani.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetenganisha mbao na mtutu. Ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka afungue skrubu zote, kuna maandishi ya penseli. "Yvonne 1949."

Nimekaa chini kabisa, sakafuni.

Kasian anasema labda ni mchumba wa fundi. Nikamwambia wewe, mchumba anaandikwa kwenye mti wa bunduki? Huyo ni fundi mwenyewe! Mwanamke, mikono imejaa grisi kama yangu. Kozini nilikuwa peke yangu kati ya wanaume ishirini na sita, kila siku wananiuliza kama nimepotea njia ya jikoni. Kumbe!

Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Afande kapita. Anataka ibaki namba saba, ile yenye kitako chekundu — eti inapendeza kwenye picha. Namba saba mtutu umeoza! Nikamwonyesha penseli. Katabasamu vizuri tu, kisha akasema wageni hawatakuja kutazama ndani ya mbao, wanataka kitu cha hapa. Niletee cha hapa, kasema, nitakusikiliza.

Nimefukua kadi za zamani za kukabidhi silaha. Namba nne: bwana nyama Makarius, askari wa wanyamapori, 1981 hadi 1990. Kasian anasema yu hai. Anaishi Ulaya — ya kwetu!

Jumapili, 9 Juni

Nimefika kwa Mzee Makarius saa tano, wametoka kanisani. Mrefu, mgongo umenyooka. Mkewe, Bibi Bibiana, kanipa ndizi kabla sijamaliza shikamoo.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Mzee kaishika kwa mikono miwili, kaisogeza karibu na macho. Halafu: "Bado ipo?"

Ilikuwa mwaka 1983, kule Kisanga. Tembo saba kwenye mahindi, watu wamejifungia ndani. Yeye peke yake na bunduki ile. Hakutaka kuua. Akasimama kati ya shamba na nyumba, akapiga hewani mara mbili, tembo wakageuka.

"Mara mbili!" bibi kadakia. "Mjukuu wangu, alipiga moja. Ya pili mkono ulikuwa unatetemeka, risasi ikamponyoka. Nilikuwa mlangoni, niliona."

"Ulikuwa umejifunika kanga usoni."

"Nilichungulia! Nikasema huyu anaogopa na bado hakimbii. Nikamtaka."

Shamba lilikuwa la baba yake bibi. Mahari ilipokelewa mwaka uleule.

Mzee alicheka hadi akajifuta machozi. Nikawaalika Jumamosi. Bibi kauliza avae gauni gani.

Jumatano, 12 Juni

Namba nne imekamilika. Sikuongeza rangi, sikuchubua kitu. Penseli nimeiacha ilivyo. Chini yake, herufi ndogo: "Vaileth 2024." Kasian kaona. Kaenda kufunga mlango.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. 

Wamefika saa tatu. Mzee kavaa koti, bibi gauni la kijani. Namba nne na namba saba ziko mezani kwa Afande, na orodha katikati. Mzee hakuitazama namba saba. Kaichukua yake, kafungua bolti, kachungulia mtutu, kafunga — haraka, bila kutazama vidole. Afande akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa heshima ya mtu. Akaniomba nitoke, azungumze na wazee.

Nusu saa sasa. Sauti ya bibi inapanda na kushuka. Kuna mtu anapiga meza kwa kicheko — ni Afande! 

Mlango umefunguka. Kasian.

"Vaileth, Afande anataka rula."

Ya nini?

"Kuna bunduki anaitoa kwenye orodha. Anataka mstari unyooke."

Ipi?

"Hajasema. Ila bibi kamshika mkono, anamshukuru."

Rula iko wapi, jamani! Rula —