Hatua elfu kumi bila kuondoka kitini

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba uniwahi kabla ya Alhamisi ijayo, kwa sababu siku hiyo binti yangu anasafiri kuja kunipeleka kwa daktari, na yote haya nimeyasababisha mimi kwa mguu wangu wa kulia.

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka hamsini na sita, nashona makoti na suruali za kiume, na tangu ujana kazi yangu ni ya kukaa, nakaa asubuhi nainuka jioni, kwa hiyo daktari aliponiambia nina kisukari na kwamba pamoja na vidonge lazima nianze kutembea kila siku, sikubisha, nikampigia simu binti yangu ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee na anafanya kazi mji mwingine, naye akafurahi akanitumia raba nyeupe na saa ya mkononi inayohesabu hatua, na hesabu yenyewe anaiona kwenye simu yake kule aliko.

Siku ya kwanza nilitembea, ya pili nikatembea ingawa nyonga ziliuma, ya tatu nilitoka kwa kujilazimisha, ya nne sijui ilikuwaje, nilimwona mbele yangu mwalimu mmoja mstaafu amevaa koti nililomshonea, lile nililolifumua mabega mara tatu kwa sababu kila akija anasema linambana, nikataka kuona mpasuo wa nyuma unafungukaje akitembea, nikamfuata nyumanyuma mpaka kwenye tangi la maji, na alipoingia kwake ndipo nikashtuka kwamba nimepita mbali kabisa pale nilipogeuzia siku zile tatu, nikarudi nimelowa jasho nacheka peke yangu, koti lilikaa vizuri sana mshauri. Siku ya tano kinyozi jirani yangu, yule anayejua habari kabla ya mwenye nayo, akatoka mlangoni na mashine mkononi akapaza sauti, "Shikamoo Olimpiki! Nani anakukimbiza mzee, au umemkatia mtu suruali fupi?" Wateja wake wakacheka na mimi nikacheka, lakini siku ya sita nikasema mvua itanyesha na haikunyesha, siku ya saba nikasema nina koti la haraka.

Jioni yake binti akapiga, "Baba, leo hatua mia tatu tu, unaumwa?" Nikamwambia nitafidia. Kesho yake, mshauri, nikaivua ile saa mkononi nikaifunga kwenye kifundo cha mguu wa kulia nikaanza kushona, na cherehani yangu ni ya kukanyaga, haki ya Mungu kufika mchana ilikuwa inasema hatua elfu nne, na jioni ikafika elfu kumi na ushee, ikalia ikanionyesha nyota. Tangu hapo ni wiki tisa. Raba nazipaka vumbi kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu mke wangu aliwahi kuniuliza, "Hivi baba nanihii, hiyo barabara unayotembea wanaipiga deki?" Na binti naye ameanza kutembea alfajiri kwa kunifuata mimi, juzi juzi akaniambia, "Baba, nilitaka kuendelea kulala, nikaangalia hatua zako nikaona aibu, nikavaa viatu." Nikamsifu, nikakata simu, nikarudi kukanyaga.

Sasa nilipokwenda kliniki sukari imepanda, daktari akauliza kama natembea, nikamwonyesha saa, akaandika kwenye kadi yangu "hatua elfu kumi kila siku", akakuna kichwa, akasema kama na mazoezi yote haya hali ni hii basi nirudi Alhamisi anianzishie sindano na vipimo zaidi. Binti aliposikia alilia kwenye simu, "Baba, kama unatembea hivyo na haishuki, basi kuna kitu kingine ndani." Ameomba ruhusa kazini. Nikisema kweli nitakuwa baba aliyemdanganya mtoto wiki tisa, nisiposema nitatibiwa ugonjwa wa mtu mwingine, na hata nikisema nitaanza upya sijui nitaanzaje, ile hamu wanayoisema watu mimi sina, nadhani sikuumbwa nayo. Nifanye nini?

Ni mimi,
Olimpiki wa Kitini

*

Kaka fundi,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa ajili ya hiyo Alhamisi. Nakiri kwamba nilipofika kwenye raba zinazopakwa vumbi nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwa binti anayeamka alfajiri kwa kuzionea aibu hatua zako, na hapo nikaacha kucheka.

Daktari kwanza. Mteja akikuletea vipimo vya mdogo wake mwembamba akakuambia ni vyake, utamshonea nani suruali? Utakata vizuri, utapiga pasi vizuri, na siku ya kujaribisha haitapita mapajani. Ndivyo ulivyomfanyia daktari wako. Umempa vipimo vya mtu anayetembea, naye kwa nia njema anataka kumtibu mtu huyo. Huenda sindano utaihitaji hata hivyo. Hilo si langu wala lako, ni lake, na ikibidi utadungwa kama wanavyodungwa wengi wanaoishi nayo na kufanya kazi zao. Ila aamue huku anakujua wewe. Alhamisi, kabla hujakaa, mwambie ile namba kwenye kadi aifute. Vidonge endelea kumeza kama ulivyoandikiwa, usipunguze wala kuongeza kwa sababu ya majuto.

Binti usimsubirishe mpaka Alhamisi. Leo ni Jumamosi. Mpigie leo, ukishamaliza kusoma hapa. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mwanangu, ile saa niliifunga mguuni nikawa nashona." Usianze na kinyozi, usianze na nyonga. Ukianza na sababu atasikia visingizio, na kweli itafika mwishoni imechoka. Atakasirika, na wewe utatulia umsikilize, kwa sababu kwa siku kadhaa mtoto huyo amekuwa akilala na wazo kwamba baba yake ana kitu kibaya ndani ambacho hakijulikani. Hofu hiyo ulimpa wewe na ni wewe tu unayeweza kumwondolea, tena kwa simu moja. Akisema kwamba alikuwa anaamka kwa ajili ya uongo, mwambie kwamba zile alfajiri alizitembea kweli, kwa miguu yake, na kwamba sasa zamu ni yako kumwonea aibu. Ukimaliza kwa binti, mwite mke wako umweleze kuhusu vumbi. Nina hakika anajua. Mtu anayeuliza kama barabara inapigwa deki hajadanganywa hata siku moja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ya kukugombeza. Sasa nikutetee, maana katika kesi hii si wewe peke yako mwenye makosa.

Nina ugomvi wa miaka mingi na kicheko cha aina ile ya kinyozi wako. Tangu ujana umekaa kitini ukipinda mgongo, hakuna aliyetoka mlangoni kukupigia kelele. Umeinuka siku tano tu kutembea kwa ajili ya uhai wako, mtaa umepata mchezo wa kuigiza! Mtu mzima anayejaribu jambo jipya mbele za watu amefanya kitu kigumu kuliko wale wanaomtazama, na tunamlipa kwa kumzomea. Kinyozi mwenyewe anasimama sehemu moja kutwa, miguu yake ikivimba ndani ya viatu, na ninakisia alicheka haraka hivyo kwa sababu alijiona. Akikuita Olimpiki tena, mwitikie: "Naam! Medali yako iko kwenye tangi la maji, funga mlango twende ukaichukue." Akija, umepata mwenza. Asipokuja, angalau sasa ni yeye anayetafuta la kujibu.

Ugomvi wangu wa pili ni na hiyo saa. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta ni nani aliyekuambia hatua elfu kumi. Daktari alisema utembee kila siku, basi. Elfu kumi imetoka kwenye kioo cha saa. Umeacha kumtii daktari aliyekugusa mkono ukaanza kukitii kitu kinachotoa nyota kwa mtu aliyekaa. Kitie kwenye kopo la vifungo, kifunike. Alhamisi muulize daktari uanze na dakika ngapi, mwonyeshe nyayo zako na hizo raba, na atakachosema ndicho hicho.

Kuhusu hamu, hapo tunapingana. Nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hili, na vingi vinaonekana kuandikwa na watu ambao goti halijawahi kuwakatalia asubuhi. Wanasema tafuta hamu kwanza. Kaka, wewe umekaa kwenye cherehani asubuhi ngapi bila hamu yoyote? Ulikaa kwa sababu kulikuwa na koti la mtu linasubiri, na hamu, kama ilikuja, ilikukuta umeshafika kwenye kola. Kutembea ni vivyo hivyo. Mpe mguu shughuli. Nguo zilizokamilika, hizo ambazo wateja wanazifuata wenyewe, zipeleke wewe kwa miguu, ya karibu leo, ya mbali kidogo ukishazoea.

Sasa nisikilize vizuri, maana dawa umeiandika mwenyewe na hukuiona. Barua yako yote ina hesabu: mia tatu, elfu nne, elfu kumi, wiki tisa. Kuna sehemu moja tu ambapo miguu yako ilikwenda mbali na hukuhesabu kitu, ni siku ya nne, nyuma ya koti la mwalimu. Miaka yote umeyaona makoti yako yamesimama mbele ya kioo, mwenye koti amejikausha kama anapigwa picha. Yanavyotembea hukuwahi kuyaona. Yako mengi huko nje, yanapinda kona, yanapanda ngazi, mengine mpasuo wake labda unavutwa upande na hakuna aliyekuambia. Toka ukayaangalie.

Na wewe je, una koti? Hukusema. Kati ya sasa na Alhamisi kuna siku nne, zinamtosha fundi wa kiwango chako. Kata la kwako, kwa vipimo vyako vya kweli. Alhamisi livae, na mkitoka kwa daktari, usikubali kupanda gari. Mwambie binti yako abaki nyuma kidogo, wewe tangulia, halafu umuulize mpasuo unafungukaje.