Mabomba ya Kwenda Tientsin

Mtaa wa Alder, Camberwell,
London.
9 Machi, 1926.

Mpendwa kaka Cuthbert,

Homa imekuacha? Na hospitalini kwenu Ichang, dawa zimefika? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila hataki kuitwa mgonjwa.

Nimehamishwa kazini. Sasa napiga taipu kwenye meza ya vibali vya mizigo inayokwenda nje. Unajua serikali imezuia silaha kupelekwa China maadamu majenerali wa huko kwenu wanapigana.

Mwanzoni mwa Januari nililetewa ombi la masanduku arobaini ya mabomba ya maji, kwenda Tientsin, hukohuko China. Nikasoma vipimo. Kila bomba fupi kuliko mwavuli wangu, na tundu lake halipitishi hata kidole cha mwisho. Maji gani yapite humo? Nikamkumbuka yule mwalimu uliyetuandikia kwamba ulimtoa risasi begani.

Kilichonitia baridi ni jina la kiwanda: kilekile cha Birmingham anakofanya kazi Horace, mume wa dada Mabel. Jumapili walipotutembelea nikamnong'oneza. Akaweka kikombe chini.

“Shemeji, nina watoto watatu. Wewe piga taipu, nyamaza.”

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Ya tatu nikampelekea faili mkuu wangu, Bwana Pettifer. Akaniambia kazi yangu ni kupiga taipu, si kusoma. Lakini yeye akasoma, akapiga simu bandarini. Masanduku yalipofunguliwa, ndani ilikuwa mitutu ya bunduki. Kibali kikakataliwa.

Kiwandani wakapunguziwa siku za kazi. Mabel hakuniandikia wiki tano, na sikumlaumu.

Kisha ikaja oda kubwa ya baiskeli kutoka Denmark, wote wakarudishiwa siku zao. Jumapili iliyopita walikuja kula. Baadaye jikoni, Horace akifuta sahani, akasema bila kunitazama:

“Wini, yale masanduku niliyapigilia misumari kwa mkono wangu. Nilijua.”

Nikaacha kuosha.

“Yakija mengine,” akasema, “nikuambie?”

“Niambie.”

Akachukua sahani nyingine.

Msalimie Muuguzi Agnes, na huyo mwalimu akipona mpe mkono kwa niaba yangu. Mama, Mabel na wanawe wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na mikono yako ipate kazi nyepesi mwaka huu.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Winifred