Yule wa Kwenye Picha

Matrah, Maskati
Oktoba 1968

Kwa Thabit, huko Kobe,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Binti yako Shaikha amekhitimu juzuu ya kwanza chuoni, na maji ya kisima yamezidi chumvi.

Barua yako imefika. Kurasa mbili nzima umenieleza kuwa Wajapani hawana haja ya alama ya kuuliza: hutia "ka" mwisho wa maneno, wakaweka kiduara, na mtu akajua kaulizwa. Ahsante kwa darsa.

Mimi nimekuuliza mara tatu, na alama nikakutilia: yule mwanamke kwenye picha uliyotuletea, aliyekushika mkono, ni nani? Hukugusa. Tulipotoka Unguja ulituacha hapa ukasema unakwenda kazi ya meli miezi sita. Huu mwaka wa nne.

Nlimsomea kakaangu Bakhit barua yako yote. Akasema, "Huyu keshakujibu, Kheiria. Wewe tu hutaki kusikia."

Basi sikuulizi tena. Humu nnakutilia karatasi ya talaka. Kadhi keshaiandika, limebaki jina lako tu.

Mkeo, mpaka utakapotia sahihi,
Kheiria