Mshushe Kwanza Huyu Mama

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma.

Leo tumepanda lile gari binti yangu alilotukodia, tuzungushwe mji wa kale, mimi na mzee wangu. Lango kuu tumeliona, ngome tumeiona, mzee anataniana na dereva, raha tupu.

Tulipotoka kwenye kisima cha wafalme mzee akamwinamia dereva: "Kijana, mshushe kwanza huyu mama kwao. Mke wangu akinikuta naye, patachimbika."

Huyu mama! Shoga, ni mimi! Nimemzalia watoto sita, leo huyu mama!

Dereva akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia, "Twende tu mwanangu, sisi njia moja."

Sasa tumerudi nyumbani, mzee amekaa mlangoni, viatu hajavua, anamngoja mkewe. Nimempelekea chai. Kanishukuru kwa adabu, akaniuliza kama nimemwona.