Sala ya Ghaibu kwa Jemadari Yaqdhan

Tabora, 8 Januari 2024

Dada Wadha,

Asalaam alaikum. Hatujambo huku, ila goti langu ndilo halina adabu. Sijui nyinyi wa Sidab, na kaka yetu Azzam.

Tangu tujuane kwenye simu situlii, kama mtoto aliyeonyeshwa nguo ya Idi mapema. Babu yetu sote, Jemadari Yaqdhan, aliletwa huku na vita. Vita vikaisha, yeye akabaki. Akaoa Mnyamwezi, akapanda mitende, akazikwa hapa akiwa mzee asiye na jino. Kila nikila tende zake natamani kuiona nyumba aliyozaliwa huko Sidab. Nauli ninayo. Mwulize Azzam: nije?

Nduguyo,
Bakhit

Sidab, Maskati, 2 Februari 2024

Kaka Bakhit,

Waalaykumu ssalaam. Pole na goti, lipake mafuta ya habasoda. Sisi wazima, alhamdulillah.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nnaona haya. Huku tumelelewa tukiambiwa Jemadari alikufa shahidi vitani. Msafiri mmoja ndiye aliyeleta habari. Jamaa wakamsalia ghaibu, sala ya maiti asiyekuwapo, mkewe wa huku akakaa eda, akaolewa tena. Mpaka leo kila Ramadhani tunafuturisha watu, thawabu zake yeye.

Nilipomsomea Azzam barua yako alisema, "Wadha, wataka kunambia bibi kaolewa tena, na mumewe wa kwanza yu hai? Na wazao wa ndoa ile ndio wakwe zangu. Ntawatazama kwa uso gani?"

Subiri kidogo, kaka. Mambo yakitulia ntakuita.

Dada yako,
Wadha

Tabora, 19 Februari 2024

Dada Wadha,

Salaam nyingi. Goti limesikia dawa yako kidogo.

Siji kumvunjia bibi heshima. Yeye hakukosa. Aliyekosa ni yule mzee, ambaye hakutuma hata salamu. Tumesimuliwa kwamba kila Idi alikuwa akijitenga, hataki kusemeshwa. Sasa najua kwa nini, na namwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Mwambie Azzam sitaki nyumba wala urithi. Nataka anishike mkono aniite ndugu mbele ya watu, basi. Mke wangu, Mama Shariffa, hajisikii vizuri siku hizi, huenda nikachelewa kuandika. Lakini nasubiri.

Nduguyo,
Bakhit

Sidab, 14 Septemba 2024

Mwanangu Shariffa,

Asalaam alaykum. Nnakuandikia wewe kwa simu hii hii ya baba yako, kwa kuwa yeye hayupo tena. Nilimwandikia mara kadhaa, kimya. Kisha dereva mmoja wa Tabora, anayefanya kazi gereji huku Wadi Kabir, akatwambia kwao wamemwarifu kuna matanga nyumbani kwa Mzee Bakhit.

Jana, Ijumaa, Azzam alisimama msikitini akasema, "Tumsalieni ndugu yangu, damu ya Jemadari Yaqdhan." Alilia, mwanangu, na mimi sijapata kumwona akilia. Hitima tumeisoma nyumbani kwake. Wakwe walikuja wote, wala hapana aliyeuliza neno.

Nnajuta. Ningemwita aje, maneno yangekuja nyuma yake. Mola amrehemu.

Shangazi yako,
Wadha

Tabora, 2 Oktoba 2024

Dada Wadha,

Waalaikum salaam. Rambirambi zako nimezisoma mwenyewe.

Matanga yalikuwa ya Mama Shariffa. Aliugua muda mrefu, nikamuuguza, sikuwa na mkono wa kuandika. Mkipata nafasi, msalieni na yeye. Alikuwa mwema, na tende za Jemadari alizipenda kuliko mimi.

Pale Azzam aliponiita ndugu nimeparudia mpaka Shariffa akaninyang'anya simu. Mwambie sikukasirika, na kwamba neno lake nimelisikia. Hao wakwe aliowaogopa nao wamekuja, hawakuuliza neno. Basi mwulize tena lile la Januari: nije?

Nduguyo,
Bakhit

Tabora, 20 Desemba 2024

Dada Wadha,

Salaam. Naomba kimya chenu kiwe cha uzima. Shariffa amenionyesha kwenye simu kwamba barua yangu ilisomwa siku ile ile.

Nimeelewa. Kumwambia imamu, wakwe na mji mzima kwamba maiti waliyemlilia yu hai na anakuja na begi lake, si jambo jepesi. Pengine yule mzee naye aliwahi kupata habari kwamba kwao wameshamsalia, akaona bora anyamaze, asiharibu. Zamani nilimlaumu. Siku hizi nakaa naye pale kaburini, najisikia niko na mwenzangu.

Msalimie Azzam. Wanangu nimewausia: siku nikifa kweli, wasiwasumbue nyinyi wa Sidab. Nyinyi mmeshanisalia.

Nduguyo,
Bakhit