Sakafu Imekauka

Jumanne, 4 Machi

Petroli tena! Nimeamka nikakuta kidimbwi kwenye korido, chini ya pikipiki. Inalala ndani pamoja nasi kwa sababu ya wezi, na sasa nyumba nzima inanuka kama kituo cha mafuta. Mama watoto amehamishia jiko uani bila kunisemesha. Akinyamaza hivyo, ujue ameogopa.

Nimechungulia kwa tochi. Inatoka kwenye kabureta, kwenye ule mpira mwembamba unaoning'inia chini. Tone. Tone. Na koki ya tangi nayo imezeeka, haifungi sawasawa.

Binti yangu anaitaka Jumatatu. Gari lililokuwa linawachukua manesi limekufa, na zahanati yao iko ng'ambo ya mteremko wa machimbo, kule malori ya mawe yanakoshuka breki zikilia. Siupendi ule mteremko. Lakini nimeshamwambia itakuwa tayari.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita gereji kwa Bisibisi, fundi wa pikipiki. Hakuinua hata kichwa. Eti ndani ya kabureta kuna kisindano, kazi yake kuzuia petroli bakuli likijaa. Kimelika. Ataagiza kingine, kitafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikamwambia sindano mimi nimezishika yeye hajaota meno. Wote pale wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema tu, mzee wangu, mwache binti apande magari ya watu kwanza.

Nani kamuuliza? Cherehani yangu nimeifungua mwenyewe mpaka skrubu ya mwisho, na inashona mpaka leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeifungua. Kisindano nimekiona: kidogo kama punje, ncha ina alama ya duara. Nimekisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Inavuja vilevile! Nimemsikia mama watoto akimwambia jirani kwamba fundi nguo siku hizi anapasua wagonjwa. Wamecheka mpaka wakashikana mabega.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiweza!! Nimechonga kijiti, nikakizungushia uzi mnene, nikapaka sabuni ya mche — petroli haili sabuni, hilo kila mtu analijua — nikaupigia ule mpira kizibo. Kimya. Hakuna hata tone. Jiko limerudi ndani. Mama watoto kapita na fagio, kaitazama sakafu, akasema haya, fundi. Kwa mke wangu hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna kitu. Petroli imepungua kwenye tangi na pikipiki haijatoka. Sakafu kavu kabisa.

Basi ni mwizi, tena wa humuhumu. Shemeji yangu wa chumba cha nyuma ni kinyozi, ana jenereta, na wiki hii limenguruma kweli. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimepitisha uzi mwekundu juu ya kifuniko cha tangi, nikafunga fundo langu, lile hakuna mwingine anayeliweza. Akigusa tu, nimemnasa.

Jumapili, 9 Machi

Uzi uko palepale. Fundo ni langu. Petroli imeshuka tena.

Nimezunguka nikinusa kila pembe kama mbwa. Hakuna. Shemeji amekuja kuniamkia vizuri, kauliza hali ya mguu wangu mbovu, nikashindwa kumtazama usoni. Basi inakwenda wapi? Haijamwagika, haijaibiwa. Sipendi kitu kinachopotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jambo jema ni moja. Pikipiki hii imekula oili miaka yote, leo nimechomoa stiki ya kupimia, imejaa mpaka imepita alama! Tena nyepesi, laini. Nimemwonyesha binti. Akasema, Baba, umekuwa fundi kweli. Nikakenua. Moyo haukutulia, lakini nikakenua.

Jumatatu, 10 Machi

Ameondoka. Asubuhi nimepima oili tena, imezidi kupanda, nikafuta stiki kwa tambara nikalitupa kando. Nimemjazia tangi. Ikawaka na moshi mweupe, mzito. Baba, mbona moshi? Nikasema ikipata moto itaacha. Akanipungia mkono.

Mama watoto aliokota lile tambara awashie mkaa. Oili huwaka kivivu. Hii iliruka! Moto ulipanda mpaka darini, ukamlamba mkono. Akalitupa, akaniangalia. Baba watoto, hii ni oili gani?

Ndipo nikajua petroli inakokwenda. Nimeifungia mlango wa nje, ikageukia ndani ya injini, kwenye oili.

Nimekimbia gereji na mguu wangu huu. Bisibisi aliuliza moja tu: ule mpira umeuziba? Hakungoja jibu, alikuwa ameshashika funguo za pikipiki yake amfuate binti. Anasema oili ikishakuwa maji hailainishi kitu. Injini inachemka, inajikaba yenyewe ghafla, na gurudumu la nyuma linakwama papo hapo. Hakusema mteremko. Hakuna haja.

Simu ya binti inaita, haipokelewi. Akifika kazini hunibipu. Hajabipu.

Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Si mwizi. Si shemeji. Ni mimi. Ule mpira ulikuwa unaniita siku zote, nikauziba mdomo, nikajisifu. Mama watoto amekaa mlangoni, mkono kwenye beseni la maji. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nasikia pikipiki kwenye kona. Si yetu, mlio wetu naujua. Ni ya Bisibisi. Aliondoka gereji kama mshale. Sasa anakuja polepole, polepole mno, na mama watoto ameshatoka nje bila viatu