Meli Isiyohitaji Gati

Surabaya, Jumapili

Dada Luningning mpenzi,

Mimi mzima, ila nyama ya nguruwe naiona ndotoni tu. Mama mwenye nyumba ananilisha tempe, vipande vyao vya soya iliyochachushwa, asubuhi na jioni. Nikisema nimeshiba, ananuna.

Jana sisi wanamaji tuliotumwa huku tulikabidhiwa meli yetu mpya. Mafundi walioiunda walipika mlima wa wali wa manjano, na msimamizi wao, Mzee Wiryo, akakata kilele akanipakulia mimi.

"Kula, mkwe! Binti tumemlea wenyewe. Ukimtesa, tunakuja kumchukua!"

Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikaweka kijiko chini.

Nilimkumbuka Baba alivyokuwa baada ya kile kimbunga kilichopiga kisiwa chetu. Alikuwa ametangazia kisiwa kizima, "Meli ya mwanangu inaleta mchele!" Tulipofika, gati lilikuwa limezolewa na mawimbi, na ule mkweche wetu wa meli haukuweza kusogea ufuoni. Nilimwona kwa darubini, amesimama na gunia tupu begani. Tukageuza meli. Tangu siku ile hajanisemesha, na simlaumu.

Sasa sikia, Dada. Huyu binti wao, meli yetu mpya, tumboni mwake amebeba boti mbili zinazopanda mpaka mchangani na kufungua mlango wa mbele. Nimezijaribu mwenyewe, nilishuka na viatu vikavu.

Mwezi ujao tunakuja huko na mchele. Mwambie Baba asihangaike kujenga gati. Asimame palepale mchangani na gunia lake. Safari hii tutamfuata alipo.

Mdogo wako, mkwe wa mafundi,
Rodel